Pikapu Iliyonunuliwa kwa Kahawa

Mtu wa skrepu hakubishana sana. Aliizunguka pikapu mara mbili, akapiga teke gurudumu lililokuwa limezama kwenye udongo, akainua boneti, akaishusha. Kwake yeye gari si gari, ni kilo. Alitaja bei, mjomba akataja yake, wakakutana katikati, wakapeana mkono. Angerudi wiki iliyofuata na lori na vijana wa kuikata kwa gesi. Hiyo ilikuwa Januari 2022.

Kabla wiki haijaisha, serikali ikapiga marufuku biashara ya skrepu nchi nzima. Kama unakumbuka, mwezi huo stima zilipotea karibu Kenya yote baada ya nguzo kubwa za umeme kuanguka Nairobi, na ikasemekana kuna watu walikuwa wakizifungua vyuma wakauze. Marufuku ilikaa hadi mwanzoni mwa Mei. Mtu wa skrepu akazima simu. Pikapu ikabaki pale ilipokuwa tangu 1999, nyuma ya ghala la Cucu huko Murang'a, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Mimi wakati huo nilikuwa bweni, Form Four, nikingojea KCSE ya 2021 ambayo korona iliisukuma hadi Machi 2022. Nilipomaliza nilikuwa na miaka 17, sina kazi, na miezi kadhaa ya kukaa tu kabla ya campo. Mama akanituma kwa Cucu, ati nimsaidie kazi. Siku ya pili nikaenda kutafuta mayai, nikajikuta nimekaa kwenye kiti kile nimeshika usukani. Jioni nikamwambia Cucu naitaka ile gari.

Mjomba alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Huo mkweche? Hata leseni huna." Ni kweli. Leseni ya gari hapa kwetu ni miaka 18, na mimi zilibaki miezi mitano. Lakini Cucu hakucheka. Alisema, "Mwache ajaribu. Ikifika siku ya kwenda chuo haijawaka, uza."

Haya mambo ya spana na grisi nitayapitia haraka. Ninachotaka kukusimulia ni kile nilichokuta ndani ya hiyo gari nilipoanza kuifungua. Historia ya Kenya niliyofunzwa darasani ilikuwa ya marais na katiba. Hii nyingine ilikuwa imefungwa kwa nati, na nyingi zilikuwa zimeshika kutu.

Gari yenyewe ni Peugeot 404. Pijo, kama kila mtu anavyoitamka. Ilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka wa 1960, na umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, wale wale wachoraji wa Ferrari. Ndio hivyo: ile pikapu ya kubeba ng'ombe sokoni ina undugu na Ferrari. Lakini hapa kwetu hakuna mtu aliyeinunua kwa sababu ya sura. Kilichoiuza ni matope.

Mwaka wa 1963 Safari Rally ilianza na magari 84. Mvua ikanyesha ile ya kuzoa madaraja, na yaliyofika mwisho ni saba pekee. La kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka wa 1966 na 1967 ikashinda tena, mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Mwaka wa 1968 Nowicki na Cliff wakarudi wakashinda, na mwaka huo pia magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Sasa fikiria wewe ni mkulima umesimama kando ya barabara, umeona magari ya kila kabila yakivutwa na trekta, halafu hii inapita inanguruma, imejaa tope hadi kwenye vioo. Tangazo gani la redio lingeshinda hilo?

Halafu ikawa ya hapa hapa. Katikati ya miaka ya sabini serikali ilitaka magari yaungwe nchini badala ya kuletwa yakiwa mazima. Thika kukawa na kiwanda cha Leyland, Nairobi kukawa na General Motors, na Mombasa kukawa na Associated Vehicle Assemblers, ambako Peugeot zilikuwa zikifika vipande vipande kwenye makasha na kutoka zikiwa na magurudumu. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni ya 404 mwaka wa 1975. Kenya iliendelea na 404 hadi 1991. Yaani gari ambayo wenyewe walikuwa wameshaiona ya kizamani, sisi tulikaa nayo miaka mingine 16, kwa sababu barabara zetu zilikuwa bado zinaihitaji.

Nyumbani kwetu hadithi ilikuwa moja na fupi: Guka alinunua pikapu mwaka wa 1977 kwa pesa za kahawa. Niliisikia kila Krismasi. Sikuwahi kuuliza kwa nini 1977 na si mwaka mwingine.

Jibu liko Brazil. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali ya jalidi iliunguza mashamba ya kahawa ya Paraná usiku mmoja tu. Brazil ndiyo ilikuwa, na bado ndiyo, nchi inayouza kahawa nyingi kuliko zote. Miti ikafa, maghala yakaanza kupungua, na bei ya dunia ikapanda 1976, ikafika kileleni 1977. Pesa zikashuka hadi vijijini. Magharibi mwa Kenya, kahawa ya magendo kutoka Uganda ilikuwa ikivuka mpaka usiku kwa usiku, na soko dogo la Chepkube likageuka mji wa noti. Kwetu Murang'a watu waling'oa nyasi kwenye paa wakaweka mabati. Wengine walipeleka watoto shule za bweni. Na wengine, kama Guka, walipanda basi hadi Nairobi wakarudi wakiendesha.

Ila ukivuta huo uzi nyuma kidogo unakuta kitu kingine. Zamani za mkoloni mkulima Mwafrika wa sehemu zetu hakuruhusiwa kupanda kahawa. Ilikuwa zao la setla. Mlango ulifunguliwa na mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya vita vya Mau Mau, pamoja na kupima mashamba na kutoa hati za ardhi. Hati ziliandikwa majina ya wanaume. Vyama vya ushirika vya kahawa navyo vikawaandikisha wenye hati. Kwa hivyo mwanachama alikuwa baba, namba ya sosaiti ilikuwa ya baba, na malipo yalisomwa kwa jina la baba. Aliyepalilia, aliyechuma, aliyebeba debe hadi kwenye fakitori alikuwa mama. Hilo nitalirudia baadaye, maana ndilo lililokuja kutusumbua.

Fundi wangu nilimpata Murang'a mjini, kwenye gereji isiyo na paa wala ukuta, mwarobaini tu na mapipa mawili. Mzee wa miaka sabini na kitu. Nilimweleza shida yangu, akaniuliza maswali matatu. Ni 404 au 504? Injini inazunguka au imeshika? Na nani atalipa?

"Nitalipa mimi, Mzee. Polepole."

"Na nani atafanya kazi?"

"Mimi."

Akaniangalia toka viatu hadi nywele. "Basi nitakuwa nakuja Jumapili baada ya kanisa. Nitakaa kwenye kiti, wewe utafungua."

Injini ilikuwa imeshika. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina dizeli ndani ya silinda, tukaiacha Jumapili hadi Jumapili. Injini ya 404 imelala upande, nyuzi 45, kama mtu aliyeegemea ukuta akingoja matatu. Fundi alisema hiyo ndiyo sababu ya boneti yake kuwa chini. Jumapili ya pili tukaweka gia ya juu, nikasukuma gari mbele na nyuma pamoja na vijana wawili wa jirani, mbele na nyuma, karibu saa nzima. Kisha kitu kikalia tak! na injini ikasonga upana wa kidole. Nilipiga kelele hadi Cucu akatoka nje na mwiko mkononi.

Tulipoinua kichwa cha injini nilielewa kwa nini gari hizi hazikufa. Kuta za silinda hazijachongwa ndani ya chuma cha injini yenyewe. Kila silinda ni kama kopo, slivu, inayochomolewa na kurudishwa nyingine, na maji ya kupoza yanaizunguka kwa nje. Huhitaji mashine kubwa ya kupanua matundu. Unahitaji slivu nne, pistoni nne, subira na mtu anayejua. Hiyo inaweza kufanyika chini ya mwarobaini, na ilifanyika, miaka na miaka.

Wakati nikipasha ile sakafu ya nyuma burashi ya waya, nilikuta matundu. Mistari miwili, kila upande, yamepangwa sawasawa, mengine yamezibwa kwa kuchomelewa.

"Haya ni ya nini, Mzee?"

Fundi alikuja, akainama, akapitisha kidole. "Hapa palikuwa na viti vya mbao. Guka wako alikuwa na matatu."

Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuniambia hivyo.

Matatu za kwanza hazikuwa na graffiti wala wi-fi. Jina linatokana na nauli ya senti 30, mang'otore matatu kwa Kikuyu, vipande vitatu vya senti kumi. Miaka ya sitini zilikuwa haramu, zikikimbizana na polisi na kuiba abiria wa mabasi yenye leseni. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila ile leseni maalumu ya uchukuzi. Kuanzia hapo kila mwenye pikapu angeweza kuwa na kampuni yake ya basi. Unatengeneza kibanda cha mbao na turubai, unafunga mabenchi mawili, watu wanaketi wakiangaliana magoti kwa magoti, na kijana mmoja ananing'inia nyuma akigonga bodi. Siku ya soko ni abiria, siku ya kahawa ni magunia, siku ya harusi ni bibi harusi, na siku ya msiba unajua. Halafu mwaka wa 1984 sheria ya trafiki ikabadilishwa, matatu zikatakiwa kuwa na leseni na ukaguzi kama magari mengine ya abiria. Wenye pikapu wengi wakafungua mabenchi. Nilipomuuliza Cucu aliniambia Guka aliacha "wakati ule wa leseni." Yale matundu yalikuwa tarehe, ila yameandikwa kwa drili.

Baada ya hapo nilianza kuisoma gari yote hivyo. Fundi alinifunza. Alikuwa akiangalia kiraka anasema, "Huyu alichomelea kwa gesi, tena alikuwa mvivu. Huyu hapa alikuwa mtu wa maana, angalia alivyopanga." Kulikuwa na mikono minne au mitano kwenye hiyo chesisi. Bawaba ya mlango ilikuwa imechongwa kutoka kwa kitu kingine kabisa, nadhani lango la boma. Bomba moja la mafuta lilikuwa la shaba, limekunjwa kwa ustadi kuliko la kiwanda. Hakuna hata mmoja wa hao watu aliyeandika jina lake.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosambaza duniani kote lile neno "sekta isiyo rasmi". Wataalamu walishangaa kukuta kwamba watu waliodhaniwa hawana kazi walikuwa wanafanya kazi kutwa. Sisi tuliwaita jua kali, kwa sababu ndilo paa lao. Mwaka wa 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea vibanda. Mwaka uliofuata akaagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa baya kwa sura. Magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa Kasarani mwaka wa 1990. Hayakuwahi kufika madukani. Mitambo iliyoanzishwa kwa ndoto hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Numerical Machining Complex.

Tunapenda kulicheka lile gari. Online likitajwa tu, memes zinaanza, na mwisho lazima mtu aandike kwamba Kenya haijawahi kuunda gari. Mimi pia nilikuwa naandika hivyo. Lakini mwaka huo huo wa 1990, na kila mwaka kabla na baada yake, kulikuwa na watu chini ya miti Murang'a, Nakuru, Kisumu, Gikomba, wakichukua gari lililokufa na kulirudisha barabarani na nusu ya vipande wamejichongea. Wakimaliza moja wanaanza lingine. Kama kuunda gari ni kuchukua chuma na kukifanya kitembee, basi tumekuwa tukiyaunda tangu zamani, moja moja, bila mgeni rasmi wala utepe wa kukata.

Kwa nini basi zikapotea? Mwaka wa 1993 uchumi ukafunguliwa, na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Yalikuwa ya bei nafuu, yanakunywa mafuta kidogo, na hayahitaji kufunguliwa kila mwezi. Sitadanganya, Probox ni gari bora kwa mambo mengi. Lakini fundi alisema kitu kuhusu hizo mpya: "Zikiharibika, unabadilisha. Hii ikiharibika, unatengeneza. Hiyo ni kazi mbili tofauti." Pikapu yetu ilisimama 1999 wakati kichwa cha injini kilipopasuka. Kukitafuta kingine kulikuwa ghali kuliko kumlipa mwenye Toyota. Guka aliiegesha nyuma ya ghala, akasema ni kwa muda. Alifariki 2011.

Spea nilizitafuta Kirinyaga Road, ambayo mpaka leo kila mtu anaiita Grogan, jina la setla aliyeondoka kitambo. Ukifika pale msichana peke yako unaulizia gasketi ya 404, kwanza wanadhani umetumwa. Duka la kwanza walinicheka. La pili waliniuzia ya 504. La tano, mzee mmoja aliingia nyuma, akakaa sana, akarudi na boksi lenye vumbi la miaka. "Umeitoa wapi hiyo gari?" akaniuliza, na badala ya kuniambia bei alianza kunihadithia ya baba yake. Pesa zilitoka kwa kufunza watoto wa jirani tuisheni ya hesabu na kuuza mayai, yale yale niliyoyafukuza kwenye kiti cha dereva.

Agosti nilitimiza miaka 18. Nikajiandikisha shule ya udereva, nikasukuma vile vigari vidogo kwenye ubao wa mji wa mfano, nikapita. Jumapili ya mwisho kabla ya kufungua campo, saa kumi jioni, fundi aliweka taimingi kwa sikio, akaniambia nipige starti. Mara ya kwanza, hapana. Ya pili, ikakohoa moshi mweusi. Ya tatu ikashika. Ilitetemeka kama ng'ombe aliyenyeshewa, halafu ikatulia ikaanza kusaga. Fundi hakusema kitu. Alichukua kofia yake kwenye kiti, akaivaa, akaivua tena.

Hapo nilidhani nimemaliza. Kumbe injini ndiyo ilikuwa kazi rahisi.

Gari bila makaratasi ni sanamu. Huwezi kukata bima wala kupeleka ukaguzi, na ukisimamishwa barabarani huna la kusema. Logbook ilikuwa kwenye sanduku la Cucu, ndani ya mfuko wa sukari, na jina lilikuwa la Guka. Mtu akifa, mali yake haihamishwi kwa maneno ya jikoni. Inabidi kwenda mahakamani kuomba hati ya usimamizi wa mirathi: barua ya chifu, cheti cha kifo, orodha ya warithi wote, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za mtu yeyote kupinga. Na karani akatuambia warithi watie sahihi kwamba wameridhia.

Sheria ya urithi inampa mjane nafasi ya kwanza ya kuomba usimamizi. Kwa hivyo aliyestahili kwenda alikuwa Cucu. Mjomba alikataa kutia sahihi.

Nataka niwe mwadilifu kwake. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani wakati mama yangu na ndugu wengine walihamia Nairobi. Alimpeleka Cucu hospitali usiku, alilipa fundi wa paa, na ada za watoto wake zilikuwa zinamngoja. Zile pesa za skrepu alishazipigia hesabu. Sasa mtoto wa dada yake, tena msichana, anakuja na spana na kuichukua mali ya baba yake. "Hii ilikuwa gari ya baba," alisema kwenye kikao. "Ikigawanywa, igawanywe kama ya baba."

Cucu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Unajua tulipeleka debe ngapi mwaka ule?" alimuuliza. "Mimi najua, maana nilizibeba. Alfajiri nilikuwa shambani, jioni nilikuwa kwenye foleni ya fakitori na dada yako mgongoni. Pesa zilipokuja zilisomwa jina lake. Sikulalamika, ndivyo ilivyokuwa. Akanunua gari. Siku aliyoileta watu walijaa hapa uwanjani. Tukaenda nayo kanisani. Mbele akakaa yeye, na baba yake, na mzee wa kanisa. Mimi nikapanda nyuma."

Akanyamaza, akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa.

"Miaka 22 ile gari ilitembea. Sijawahi kukaa mbele hata siku moja. Mara nafasi ni ya mgeni, mara ni ya mzee fulani. Sasa unaniambia ni ya baba."

Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza vile. Nilikuwa nimeishi miezi mitano na hiyo gari. Nilijua kila kiraka, nilisoma matundu ya mabenchi, nilijua tarehe ya jalidi ya Brazil. Na bado nilikuwa naiita 404 ya Guka. Debe hazikuacha alama kwenye chuma, kwa hivyo sikuzisoma.

Mjomba alitia sahihi wiki mbili baadaye. Hakuniongelesha hadi Krismasi, na hata sasa tukikutana ni salamu fupi. Sidai kwamba mambo yaliisha vizuri. Kesi ilichukua zaidi ya miezi sita, na nauli za kwenda mahakamani zilikaribia bei ya injini. Lakini siku moja katikati ya 2023 nilifungua simu nikaona umiliki umebadilishwa. Namba ilikuwa ile ile ya zamani, ya kabla ya enzi za KAA. Jina lilikuwa la Cucu. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye kitu kilichotokana na ile kahawa. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena, pamoja na ile namba.

Jumamosi hiyo nilimpeleka sokoni. Nilikuwa nimeshona kiti cha mbele upya na kufunga mikanda. Alipanda polepole, akapanga lesi yake, akaweka mkoba magotini, akaangalia barabara kupitia kioo cha mbele kana kwamba kuna mtu alikuwa amemficha hiyo barabara. Nyuma hakukuwa na kitu ila gurudumu la spea na kamba.

Tulipofika stage kulikuwa na watu wanangoja matatu. Walipoiona 404 wale wazee walisimama. Mmoja akainua mkono, ule mkono wa zamani, akatusimamisha. Nilipunguza mwendo, nikamwangalia Cucu nijue nifanye nini.

Hakugeuka. "Mwambie tumejaa," akasema.